Ua la Vyumba vya Nyuma

Miaka thelathini na mmoja nilihesabu vimelea vya malaria
katika maabara ya hospitali, Mbale,
jicho moja darubinini, jingine nimelifumba.
Nilipostaafu, jicho lilibaki na njaa.

Basi, begonia.
Mama: ile ya mtaani, nyekundu, ya mkebe wa samli,
inayostahimili mbuzi na wageni.
Baba: ya porini, njano, niliyoinyofoa mwambani
njia ya Wanale, mahali jua hufika
kama mkaguzi wa shule: mara moja, mbiombio, likaondoka.

Nilitaka ua la muzigo.
Unaujua muzigo: chumba kimoja, pazia katikati,
dirisha linalotazamana na ukuta wa jirani.
Wauza maua huwawaza wenye veranda.

Nikaazima brashi ya nyusi ya Neumbe, mke wangu
(mimi naita kuazima; yeye ana neno lake).
Ua dume hutangulia kufunguka, halina subira;
ua jike huja nyuma, limebeba mabawa matatu mgongoni.
Alfajiri, kabla vumbi la Namatala halijaamka,
nikagusa hapa, nikagusa pale,
nikafunga uzi wa kushonea, nikaandika tarehe.
Ndoa nzima haikuchukua muda wa kukoroga chai.

Kisha mbegu. Lo, mbegu!
Ukipiga chafya umepoteza ukoo.
Hazifukiwi; hulazwa uchi juu ya udongo, chini ya kioo,
nami nikipumulia pembeni kama mwizi.
Ziliota mia tatu na arobaini.
Sebule ikawa yao, wageni tukawapokea jikoni.
Neumbe akasema, "Hata mahari yangu haikujaza nyumba hivi."

Namba tisa ilikuwa na jani zuri na hasira:
ukiitazama vibaya, inaoza.
Namba sabini na saba ilileta njano niliyoiota usiku,
njano ya kiini cha yai la kienyeji.
Siku nne dirishani, juani. Nikaisogeza kivulini,
ikaangusha kila kitu kwa mkupuo.
Sikulia. Niliandika: imefeli.
Kalamu ndiyo iliyotoboa karatasi.

Nikachagua kumi na mbili, nikazigawa vyumba vya nyuma:
kwa fundi cherehani, kwa Mugoya mlinzi,
kwa wanafunzi watatu wanaolalia kitanda kimoja kwa zamu.
Na namba mia mbili na kumi na mbili,
kibete, jani limepinda kama sikio lililosikia uongo,
nikampa Khalayi, muuguzi wa zamu ya usiku,
ambaye mchana hulala, na hata hilo dirisha hulifunika kanga.
Nilimpa hiyo kwa kuwa sikuitarajia.

Mwezi wa tano, mvua inapiga mabati,
akanigongea: "Mzee, mgonjwa wako ameamka."

Si njano. Si nyekundu.
Rangi ya ufizi wa mtoto kabla ya jino.
Maua manane, gizani,
yameinamia mto wake kama wenzake wa wodini
wanaosoma kipimajoto.

Nikasema nitaichukua, niizalishe, niiandikishe.
Nikanyoosha mkono.
Khalayi akasimama kati yangu na kopo,
sare bado mwilini, viatu mkononi.
"Huyu analipa kodi yake humu. Hahami."

Nikaomba jani moja tu.
Alilikata mwenyewe, kwa wembe mpya,
akalifunga kwenye pamba yenye maji,
akaniuliza kama nina miadi ya kulirudisha.

Sasa liko kwenye sahani, kando ya redio.
Kwenye mshipa uliokatwa kumetokea kitu kidogo,
kichwa cha kijani, hakizidi punje ya ulezi.
Katika daftari nimeifuta namba.
Nimeandika neno la Khalayi: Mpangaji.

Brashi nimeirudisha.
Ina njano kidogo kwenye nywele.
Neumbe bado hajaiosha.